Mvukuto wa Fundi Muslu

Kigae cha mia mbili na kumi na tatu kiliwekwa mbele ya Shahdane Jumanne asubuhi, kabla supu ya dengu haijachemka. Alikitandikia karatasi ya matundu iliyotoka kwa wachoraji wa kasri huko Istanbul, akagongagonga juu yake kifuko cha unga wa mkaa, kisha akaiinua karatasi taratibu. Juu ya weupe wa kigae vikabaki vitone vyeusi, na vitone hivyo vilikuwa tawi la mplamu lenye maua saba. Unga ulizidi, kama unavyozidi siku zote. Katika karakana zote za Iznik, unga uliozidi hufagiwa kwa unyoya wa bata bukini. Shahdane aliinama akaupuliza.

“Shemeji, unyoya!” Muslu alisema kutoka mlangoni, bila hata kugeuka.

“Unyoya umekwenda kisimani. Ukirudi nitakuambia.”

Mazungumzo hayo yalikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Yalianza siku Shahdane alipoolewa na Bali, kaka yake Muslu, akashika burashi ya manyoya ya punda kwa mzaha na asiiweke chini tena. Mafundi walisema pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu huacha madoa kwenye weupe wa kigae. Bali alilisema hilo mpaka akafa. Muslu alilirithi pamoja na karakana, akaendelea kulisema. Kigae cha Shahdane hakikuwahi kuwa na doa hata siku moja, lakini hilo halikumzuia mtu yeyote kusema.

Muslu alikuwa mtu wa moto. Hakuna fundi pale mjini aliyejua tanuri kama yeye: aliweza kusimama uani amefumba macho na kusema kuni za msonobari zimebaki ngapi na rangi nyekundu imeiva kiasi gani. Ila mkono wake wa kuchora ulikuwa mzito. Lale aliyoichora yeye, hilo ua lenye kikombe chembamba ambalo hata watoto wa Iznik hulichora ukutani kwa makaa, ilifanana na kitunguu. Kwa hiyo Shahdane alichora, Muslu akachoma, na kwenye hati iliyosafiri na makreti iliandikwa kwamba hii ni kazi ya Fundi Muslu. Iznik nzima ilijua. Orodha ya mafundi iliyotunzwa sokoni ilikuwa na majina ya wanaume kutoka juu hadi chini, na karani hakuwa na mstari mwingine wa kuandikia.

Shahdane aliyazoea hayo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Katika miaka yote ile hakuwahi kuuona ukuta. Alichora matawi yanayoingia upande wa kushoto wa kigae na kutokea upande wa kulia, asijue yanakwenda wapi. Shina alilichora wakati wa baridi, mizizi wakati wa mavuno ya zabibu. Ua wa karakana ulikuwa mdogo, tena umejaa kuni, na wasimamizi wa majengo walikuwa na haraka; kila tanuri lilipofunguliwa, vigae vilifungwa kwenye nyasi kavu vingali vuguvugu, vikapandishwa kwenye nyumbu. Hata rangi zake alizifaidi dakika chache tu. Kabla ya moto buluu ni kijivu na nyekundu ni tope, halafu uji wa kioo humwagwa juu ya kila kitu na kazi yote hupotea chini ya weupe kama maziwa. Baada ya moto hutokea, hung'aa, huondoka.

“Nitakufa sijaona hata ukuta mmoja,” alimwambia mavyaa wake, Bibi Selvi, walipokuwa wakichambua dengu.

“Na mimi nitakufa sijaona mkwe anayechambua dengu bila kuacha mawe,” alisema Bibi Selvi, akatoa jiwe bakulini. Kisha akamshika mkono, maana alimpenda.

Vigae mia mbili na arobaini vya mplamu vilikamilika mwanzoni mwa kiangazi, vikapelekwa Istanbul kwenye msikiti mdogo ambao bibi mmoja tajiri, mjane, alikuwa akiujenga juu ya kilima. Mafundi wa huko walivipanga ukutani kwa kufuata namba zilizoandikwa nyuma. Ukuta ukatulia miezi tisa.

Mwezi Machi, wiki ileile miplamu ya mjini ilipochanua, mplamu wa ukutani nao ulichanua. Mtunza msikiti, Mzee Durak, alikuta petali kwenye zulia asubuhi akadhani mtu ameacha dirisha wazi. Alizifagia. Kesho yake alifagia nyingine. Siku ya tatu nyuki waliingia na imamu akafupisha hotuba, kwa kuwa mmoja alikuwa amepanda ndani ya mkono wa joho lake. Waumini wenye mafua walisali nyuma. Mwezi Mei matawi yalizaa plamu za kijani, zile chachu zinazoliwa na chumvi, na baada ya sala ya alasiri wanaume walipeana mabega ili wafikie zile za juu. Hesabu ya wanaosali ikaongezeka, na Mzee Durak akaanza kuweka kibakuli cha chumvi karibu na viatu.

Habari zilifika Iznik na waendesha nyumbu. Baada ya habari akafika Pervane Agha, mkaguzi wa majengo ya yule bibi, mtu mnene mwenye haraka, akiwa na joho la hariri ya kijani lililokunjwa juu ya mto. Joho la heshima halikuwa kitu cha mchezo. Fundi aliyevishwa joho aliamkiwa kwanza sokoni mpaka afe.

Mkaguzi alisimama katikati ya ua, kuni huku na kuni huku. “Aliyeufanya ukuta ule ni nani?”

Muslu alitazama chini. Akamtazama Shahdane, aliyekuwa na masizi puani na burashi nyuma ya sikio. Akalitazama joho.

“Karakana hii ni yangu,” alisema, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Pervane Agha akamvisha. Joho lilimkaa vizuri, ila lilimzidi kidogo mabegani. Ijumaa ile Muslu alitoka nalo sokoni, akanunua mkate ambao haukuhitajika nyumbani, akarudi kwa njia ndefu ya kando ya ziwa.

“Umependeza, shemeji,” Shahdane alimwambia. “Miaka yote unachora vitunguu, leo ndiyo umetokea lale.”

“Usinianze, mwanamke.”

“Sijakuanza. Nimekusifu.”

Bibi Selvi alikuwa akimenya vitunguu vya kweli. “Vaa vizuri, mwanangu,” alisema. “Mwenyewe akikudai utavua.”

Muslu alicheka, lakini usiku huo hakula vizuri. Shahdane naye alichora bustani nzima ya waridi kwenye sahani ambazo hakuna aliyeziagiza, akapuliza unga kwa nguvu kuliko kawaida. Alikuwa na hasira. Haikuwa ya joho. Watu walikuwa wamekula plamu zake na chumvi, na yeye hakujua hata mti wenyewe ni mrefu kiasi gani.

Mwaka uliofuata Machi ilifika, miplamu ya mjini ikachanua, ukuta haukuchanua. Majani ya kijani yaliyochorwa miaka miwili nyuma yalipukutika, Mzee Durak akayafagia na kuyarundika uani, ambako yaligongana kama vikombe upepo ulipopita. Ukabaki mti mweusi, mtupu, kwenye weupe. Mtunza bustani wa yule bibi alikuja akaumwagilia, lakini maji hayaingii kwenye vigae, na muadhini aliteleza akaumia goti. Wakaweka samadi chini ya mti. Imamu akaomba iondolewe.

Pervane Agha alifika Iznik amekasirika. Yule bibi mjane alikuwa amewaalika wageni kwenda msikitini kula plamu siku ya Hidirelez, ile sikukuu ya mwanzo wa Mei watu wanapotoka nje na vikapu kukaribisha kiangazi.

“Fundi, mti wako unaumwa. Njoo uuponye. Ukifika Hidirelez bado mkavu, tanuri hili atapewa mtu mwingine, na joho utarudisha.”

Muslu alikwenda, safari ya siku tatu kwa nyumbu na mashua. Alipanda ngazi akaufagia ukuta wote kwa unyoya wa bata bukini, tawi kwa tawi, siku mbili mfululizo. Mti ulipiga chafya mara moja. Haukuchanua.

Aliporudi alikaa chini bila kuvua viatu. Bibi Selvi alimwekea supu, naye akaitazama ikipoa.

“Si unyoya unaoutaka,” alisema mwishowe. “Nimekaa pale nikaufikiria kama ninavyofikiria tanuri. Moto ukizimika, unakosa nini? Hewa. Shemeji, ule mti umezoea pumzi yako. Umeupuliza mara mia mbili na arobaini.”

“Miaka ishirini na minne unaniambia pumzi yangu inaacha madoa,” alisema Shahdane.

“Imeacha. Ndiyo hayo madoa yenyewe, watu wanayala na chumvi.”

Shahdane alicheka mpaka akashika ukuta. Muslu naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na Bibi Selvi akatumia nafasi hiyo kumwondolea supu iliyopoa na kumletea ya moto.

“Sasa fanya hivi,” Muslu alisema akiwa ameinamia bakuli. “Kuna kiriba cha ngozi ya mbuzi pale stoo. Kipulizie kijae, tukifunge, nikipeleke.”

“Kwa nini nisiende mwenyewe?”

“Utakwenda kama nani? Wataniuliza huyu ni nani na amekuja kufanya nini. Nitawajibu nini, mimi niliyevaa joho?”

Shahdane hakubishana. Alikichukua kiriba, akakipuliza huku shemeji yake ameshika shingo ya ngozi, kikafura, wakakifunga kwa kamba ya katani. Kilikuwa kimejaa kwa macho tu. Mtu aliyepuliza vigae miaka yote ile anajua kupima pumzi kama mpishi anavyopima chumvi, na Shahdane alikuwa ameweka humo pumzi ya tawi moja.

Muslu alikifungua kiriba mbele ya ukuta, Pervane Agha akiwa amesimama nyuma yake. Tawi lililo juu ya dirisha likachanua maua matano. Kilichobaki kilitoka kwa mluzi, kikampata Mzee Durak usoni, na ndevu zake zikachipua ua moja jeupe. Alilikata Alhamisi alipokwenda kwa kinyozi. Ukuta uliobaki haukutikisika.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu kufika Hidirelez. Muslu alirudi Iznik mbio, nyumbu anatoka povu, akamkuta Shahdane amekwisha kufunga kifurushi: mkate, jibini, shuka la kujifunika, na soksi nene alizofumiwa na Bibi Selvi.

“Ulijua,” Muslu alisema.

“Nilijua.”

“Ungeniambia!”

“Ungenisikia? Naenda, shemeji. Sitaki joho lako, livae mpaka likuchoke. Joho si kitu ninachokililia. Nataka niuone ule ukuta, basi. Niuone kwa macho yangu haya.”

Muslu alivuta pumzi, akajikuna chini ya kilemba. Alikuwa mtu wa majivuno lakini hakuwa na roho mbaya, na mambo hayo mawili yalikuwa yakigombana kifuani mwake tangu siku ya joho. “Haya. Twende kwa karani.”

Karani wa hati za safari alikuwa kijana msafi mwenye kalamu tatu. Alimsikiliza Muslu mpaka mwisho.

“Kwa kazi ya msikiti, hati ni ya fundi na vyombo vyake,” alisema. “Mama huyu ni fundi?”

“Hayumo kwenye orodha.”

“Basi si fundi. Anakwenda kufanya nini?”

“Kupuliza,” alisema Shahdane.

Karani aliwaza. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kila kitu kiwe mahali pake, na alitaka kumsaidia. Alichovya kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Fundi Muslu wa Iznik, na mvukuto mmoja.

“Mvukuto?” alisema Shahdane. “Ile mifuko ya wahunzi?”

“Unapuliza au hupulizi, mama?”

“Napuliza.”

“Ndiyo nilivyoandika.”

Kwa hati hiyo walipita vizuizi vinne. Kila penye kizuizi askari alisoma, akauliza mvukuto uko wapi, Muslu akamwonyesha, na askari akaukagua kwa macho na kusema upite. Mmoja aliusifu kwamba ni imara. Kwenye mashua, mabaharia walitaka kuushusha chini pamoja na mizigo. Mvukuto ukawaambia utakaa juu, kwa sababu una kichefuchefu, na ukakaa juu njia nzima ukila mkate na jibini na kuuliza kila kilima kinaitwaje. Shahdane hakuwahi kutoka Iznik. Alikuwa na furaha kiasi kwamba Muslu aliona haya, akamwachia mahali pake penye kivuli.

Waliingia msikitini kabla ya adhuhuri. Mzee Durak aliwapokea, akamtazama Muslu kwa mashaka akishika ndevu zake.

“Leo umekuja na kiriba kingine?”

“Leo nimekuja na mwenyewe,” Muslu alisema, kisha akatazama pembeni haraka.

Shahdane alivua viatu, akapita mlango wa ndani, akauona ukuta.

Ulikuwa mkavu. Hapakuwa na jani wala ua, isipokuwa yale matano ya juu ya dirisha. Mwanga wa adhuhuri ulianguka juu ya mti mweusi uliopanda kutoka kwenye zulia hadi karibu na dari, ukatawanya matawi upande huu na upande ule. Alitafuta cha kushika, hakukiona, akakaa palepale chini.

“Kumbe ni mti,” alisema.

“Ulidhani ni nini, mama?” aliuliza Mzee Durak.

“Nilijua ni mti. Ila sikujua kwamba ni mti.”

Alilia, tena bila kuficha, machozi yakamwingia mdomoni kwa sababu wakati huohuo alikuwa akicheka. Alinyanyuka akaanza kuutembelea ukuta kwa kidole. Huu ni mzizi alioupaka siku Bibi Selvi alipovunja jino. Hili fundo la shina ni la wiki ya theluji, rangi ilipoganda kwenye kijungu ikabidi aikalie ipate joto. Na hapa, mstari wa tano kutoka juu, ambapo alilazimika kupanda ngazi, kilikuwapo kile cha mia mbili na kumi na tatu, kile cha Jumanne ya dengu. Tawi lililoingia kushoto na kutokea kulia lilikuwa likienda kukutana na dirisha. Miaka miwili alikuwa akijiuliza.

“Shemeji!” alimwita kutoka juu ya ngazi. “Njoo uone linakokwenda!”

“Naona, naona. Shuka usije ukavunjika, nitamwambia nini mama?”

Pervane Agha aliingia na watu wake. Alitaka kujua kazi inaanza lini. Shahdane alijifuta uso kwa ncha ya ushungi, akasogeza midomo karibu na vigae, akapuliza kidogo tu, kama mtu anayepoza supu ya mtoto. Maua ya mstari wa tano yalifunguka. Alishuka, akapuliza mizizi, ikanona. Alipuliza shina, matawi ya kulia, matawi ya kushoto, kila kigae kwa kipimo chake, na maua yakamfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Kufikia alasiri msikiti ulinukia, nyuki walikuwa wamekwisha kurudi, na waumini walioingia kusali walisogeza nyuki kwenye zulia kwa adabu, wakapanga safu. Imamu alichagua sura fupi.

Tawi moja tu lilibaki tupu, la chini kabisa upande wa kushoto. Shahdane alilipita bila kulipuliza.

Pervane Agha aliliona. “Na hili?”

Shahdane alimtazama Muslu. Muslu alikuwa ameivaa sura ya mtu anayesikiliza tanuri.

“Hilo ni la mwakani,” alijibu. “Mti wa namna hii, Agha, haumalizwi kwa mwaka mmoja. Tawi likiachwa, linaushikilia usilale. Lakini lazima mwakani turudi. Mimi na mvukuto.”

“Kila mwaka?”

“Kila mwaka.”

Pervane Agha alitazama maua, akafikiria wageni wa yule bibi, akakubali. Alitaka waondoke kesho yake. Muslu akamwambia haiwezekani, mvukuto ukishafanya kazi nzito hivi lazima upoe, ukisafirishwa ungali moto ngozi itapasuka. Utapoa siku ngapi? Tisa, alisema Muslu, bila kupepesa macho. Shahdane aligeukia ukutani ili wasimwone anavyocheka.

Zilikuwa siku tisa nzuri kuliko zote alizowahi kupewa. Alikaa kwenye zulia asubuhi hadi jioni, leo upande huu, kesho upande ule. Maua yalipukutika, plamu zikaanza kuvimba kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini. Siku ya Hidirelez yule bibi alikuja na wageni na vikapu, wakala, wakasifu, wakauliza fundi yuko wapi, na Muslu katika joho lake akainama. Shahdane alikuwa amekaa karibu na viatu pamoja na Mzee Durak, kibakuli cha chumvi katikati yao. Alikula plamu ishirini na moja. Zilikuwa chachu za kufumba jicho moja, kama zinavyotakiwa ziwe.

Siku hiyohiyo mafundi mawe waliweka bamba jipya juu ya mlango.

“Limeandikwa nini?” aliuliza.

Mzee Durak alisoma polepole. “Fundi Muslu wa Iznik aliupaka ukuta huu, na ulipougua akauponya kwa mkono wake.”

Ilimuuma Shahdane, na hakujidanganya kwamba haikumuuma. Hati huchakaa na makreti huvunjwa kuni, lakini hili lilikuwa jiwe. Muslu alikuwa amesimama nyuma yao na aliyasikia maneno, akawa mwekundu mpaka masikioni.

“Nitamwambia,” alisema. “Haki ya Mungu, shemeji, namwambia sasa hivi.”

Alikwenda kweli. Walimwona uani akiongea na Pervane Agha, mikono inapaa, joho linapepea. Pervane Agha alimsikiliza, akamwelekeza kidole kwenye bamba, akampigapiga begani. Muslu akarudi.

“Amesema anakuamini. Amesema hata yeye alikwisha kufikiria hivyo.”

“Halafu?”

“Amesema jiwe limeshachongwa.”

Shahdane alichovya plamu ya ishirini na mbili kwenye chumvi, akampa. “Kula. Umekonda.”

Bibi Selvi alipelekewa kikapu kizima cha plamu. Alizila zote huku akipiga kelele kwa uchachu, na kokwa zake alizitema kando ya tanuri, ambako kiangazi kilichofuata ulichipua mche wenye majani yaliyogongana kama vikombe. Majirani waliuita mplamu wa Fundi Muslu.

Kila Machi, miplamu ilipochanua, hati ilikuja kutoka Istanbul. Kila mwaka Shahdane alilipuliza tawi moja aliloliacha na kuliacha jingine, na kila mwaka mvukuto ulihitaji muda mrefu zaidi kupoa: siku kumi na mbili, kisha kumi na tano, kisha mwezi. Joho la Muslu lilichanika kwapani, Shahdane akalishona. Pervane Agha alikufa, akaja mwingine, ambaye alisoma bamba la mlangoni na kumheshimu sana Muslu. Askari wa vizuizini walizeeka pamoja nao, wakawa wanauuliza mvukuto habari za nyumbani na kuupa salamu za kumpelekea Bibi Selvi.

Karani wa hati naye aliota mvi. Masika ya kumi na saba alimtazama Shahdane akipanda nyumbu kwa msaada wa watu wawili, ana soksi nene na kifurushi cha jibini, akimtania Muslu kwamba kilemba chake kimefanana na kitunguu. Karani alikuwa mtu makini na hakutaka hati yake ibishaniwe njiani. Aliongeza maneno machache pembeni, akapuliza wino ukauke, akagonga muhuri: Fundi Muslu wa Iznik, na mvukuto mmoja, mkuukuu, bado mzima.